Wajibu wa Mtazamaji

Kutazama ni kazi nyepesi kwa jicho na nzito kwa moyo. Jicho halilipi ushuru kwa kuona. Lakini moyo ukikaa siku nyingi mbele ya uhai wa kiumbe mwingine haubaki huru kama ulivyokuwa kwanza. Kwa sababu hii swali ninalotaka kulijadili si dogo, ingawa huanzia katika mtungi wa kioo uliowekwa kando ya dirisha la darasa. Nalo ni hili: mtu anayefungia viumbe hai ili ajifunze kwao ana haki gani juu yao, na wao wana haki gani juu yake?

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta viumbe wa kutazama. Mvua hunyesha karibu miezi yote ya mwaka, na kati ya vilima vilivyofunikwa na michai kila bonde lina kijito chake. Vijito hivyo huingia katika Itare, Kiptiget, Chemosit na Kipsonoi, ambayo huungana kuufanya mto Sondu; na upande wa Bomet huingia katika Nyangores, mto ambao pamoja na Amala huzaa mto Mara. Kando ya maji hayo kuna konokono, viluwiluwi, minyoo, buibui wa majini, na magugu yaotayo chini ya maji. Mwanafunzi mwenye macho hapungukiwi na kitabu. Kilichobaki ni kujua kukifungua.

Kufungua kwenyewe ni jambo rahisi. Huchukuliwa mtungi wa kioo wenye mdomo mpana. Hutiwa tope la kijito kiasi cha vidole viwili, kisha changarawe iliyooshwa, kisha maji ya kijito kilekile mpaka yafike theluthi mbili, theluthi moja ikaachwa kwa hewa. Magugu machache ya majini hupandwa, na baada ya siku kadhaa, yakisha kushika, hutiwa konokono wawili wadogo. Mtungi hufunikwa, ukawekwa mahali penye mwanga wa mchana lakini pasipochomwa na jua la adhuhuri. Mwanafunzi akiisha kufanya hayo, ametenga ulimwengu mdogo. Sikusema ameumba, kwa maana hakuumba kitu. Tope si lake, maji si yake, uhai si wake. Kilicho chake ni kifuniko tu. Na wajibu wote tutakaoutaja huanzia hapo.

Na tuone kwanza jinsi ulimwengu huo uendavyo, maana mtu asiyejua kitu hawezi kukitendea haki. Mchana magugu hupokea mwanga, hutumia hewa ya kaboni iliyomo majini, hujitengenezea chakula na kutoa hewa ya oksijeni. Mara nyingine mtu huona mapovu madogo yakishikamana na majani kama shanga. Konokono huvuta oksijeni hiyo na kurudisha hewa ya kaboni. Usiku, mwanga ukiisha, magugu nayo huvuta oksijeni kama wanyama wanavyovuta, na wote pamoja hula akiba ya mchana. Konokono hukwangua ukijani unaoota juu ya kioo. Kinyesi chao na majani yaliyokufa huozeshwa na bakteria wasioonekana kwa macho, na uozo huo ukawa mbolea ya magugu. Maji nayo hugeuka mvuke, huganda chini ya kifuniko, na kudondoka tena kama mvua ya alasiri inavyoshuka juu ya Kericho. Hapana kinachotupwa wala kinachopotea. Anayekula leo kesho atalisha.

Elimu ya kutazama uhai ndani ya kioo ina historia ndefu, na historia hiyo ina uhusiano na chai yetu. Mnamo Agosti 1771, Mwingereza Joseph Priestley alitia kijiti cha mnanaa ndani ya hewa ambamo mshumaa ulikuwa umewaka mpaka ukazimika. Baada ya siku kumi aliingiza mshumaa mwingine, ukawaka vizuri. Alifanya majaribio kwa panya pia: panya aliyefungiwa peke yake alikufa, na aliyefungiwa pamoja na mmea aliishi. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, tabibu Mholanzi, alionyesha kwamba mmea haufanyi kazi hiyo ila kwa mwanga. Kisha, mwaka 1829, tabibu mmoja wa London aitwaye Nathaniel Ward alizika bundo la nondo katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa iliyofungwa, akitaka kumwona nondo atakapotoka. Baada ya siku kupita aliona jambo ambalo hakulitafuta: jani la mkangaga na unyasi vilikuwa vimechipua katika udongo ule, na viliendelea kuishi humo bila kunyweshwa.

Kutokana na chupa hiyo Ward alitengeneza masanduku ya kioo ya kuvusha mimea baharini. Kabla ya hapo miche mingi ilikufa njiani kwa chumvi, upepo na kiu. Ndani ya kioo iliishi. Kati ya mwaka 1848 na 1851, Mskoti Robert Fortune aliyatumia masanduku hayo kuhamisha maelfu ya miche ya chai kutoka China hadi vilima vya India. Chai ya Kenya ilikuja baadaye, na kwa njia nyingine: ilipandwa kwanza Limuru mwaka 1903 kwa mbegu zilizotoka India, na mashamba makubwa ya Kericho yakaanza katika miaka ya 1920. Hata hivyo mtoto wa Kericho anayeweka mtungi wake dirishani, huku nje ya dirisha michai imetandazwa kama zulia, amesimama kati ya ndugu wawili. Kioo kilikuwa mojawapo ya vyombo vilivyoitembeza chai duniani.

Sasa na turudi kwenye swali letu. Juu yake kuna watu wa namna mbili ambao hawakubaliani, na kila mmoja ana sehemu ya kweli.

Wa kwanza husema: "Konokono ni konokono. Hana usemi, hana mashtaka, na duniani wapo wengi wasiohesabika. Mtu amepewa akili ili avitumie vilivyomo duniani. Kama konokono mia wakifa ili mtoto mmoja aelimike, hapana hasara." Mtu huyu anasema kweli kwamba elimu ina thamani na kwamba matumizi si dhambi, sisi sote twaishi kwa kutumia uhai mwingine. Lakini anachanganya matumizi na uharibifu. Mkulima huchuma majani mawili na chipukizi, mchai ukaendelea kuishi. Anayeung'oa mchai ili achume majani hakutumia, aliharibu. Tena hoja yake ya kwamba kiumbe mdogo hana heshima haikubaliki hata kwa wazee wa nchi hii. Kila ukoo wa Wakipsigis una mnyama wake wa kuheshimiwa. Hollis, aliyeandika habari za Wanandi ambao ni ndugu zao, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1909, aliwataja miongoni mwa wanyama wa koo tembo na simba. Lakini aliwataja vilevile nyuki na chura. Wazee hawakupima heshima kwa ukubwa wa mwili. Walijua kuwa anayefundishwa kumheshimu chura hatashindwa kumheshimu mtu, ilhali aliyezoea kumponda chura kwa mchezo ameanza kujifunza somo ambalo mwisho wake hakuna aujuaye.

Wa pili husema: "Maadamu viumbe hawa wana haki, tuwaache walipo. Kuwafungia ni kuwadhulumu, na udhulumu hauwi wema kwa kuitwa elimu." Maneno haya ni mazuri, lakini hayatoshi. Mtu asiyewahi kuinama kuona kilichomo kijitoni hukifukia kijito bila majuto, kwa sababu kwake kijito ni maji na tope tu. Mabwawa na vinamasi vingi vimekaushwa na watu ambao hawakuwa wakatili. Walikuwa hawajui tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na aliyeinama mara moja akaona mayai ya konokono yamegandamana juu ya kioo kama ute wenye nukta, hawezi tena kusema kijitoni hamna kitu. Ujinga umeua viumbe wengi kuliko mitungi yote ya madarasa.

Basi yatupasa kushika njia ya katikati, lakini njia ya katikati isiwe kisingizio cha kufanya tutakavyo. Mimi naona kuna kanuni moja ya kuanzia: elimu huhalalisha kufungia pale tu inapokuwa haiwezi kupatikana bila kufungia, na kifo hakihalalishwi na jambo ambalo limekwisha kujulikana. Panya wa Priestley alikufa wakati ambapo hakuna mtu duniani aliyejua uhusiano wa mmea na pumzi. Kifo chake kilijibu swali. Lakini swali likiisha kujibiwa limejibiwa. Mwalimu anayefungia panya mwingine ili darasa lione akifa hatafuti elimu. Ameigeuza elimu kuwa tamasha. Tunamlipa panya wa kwanza deni lake kwa kutomwua wa pili.

Tukikubali kanuni hiyo, ndipo tunapoweza kuuliza mtazamaji anadaiwa nini. Naona anadaiwa mambo manne: kuchagua, kudumu, kusema kweli, na kurudisha.

Kuchagua ni kwanza kwa sababu kosa lifanywalo hapa halitengenezwi na huruma ya baadaye. Si kila kiumbe anafaa kukaa ndani ya mtungi uliofungwa. Konokono mdogo anaweza kula, kuvuta pumzi na kuzaa humo, mradi wasizidi uwezo wa magugu. Lakini kiluwiluwi wa chura si hivyo. Yeye amezaliwa majini ili atoke majini. Miguu yake ya nyuma hutokeza, kisha ya mbele, mkia hupungua, mapafu hukamilika, na siku hiyo asipopata jiwe la kukalia na hewa ya wazi hufa maji, yeye aliyezaliwa majini. Anayetaka kumtazama chura akikua na atumie beseni lililo wazi, lenye jiwe linalojitokeza juu ya maji. Tena idadi ni sehemu ya uchaguzi. Mtoto mwenye pupa hutia konokono kumi mahali pa wawili, akidhani wingi ni neema. Mchana hawaonekani kuwa na shida. Usiku, magugu yakiacha kutoa oksijeni na wote wakiivuta, akiba huisha kabla ya alfajiri. Asubuhi hukuta vifo ambavyo yeye ndiye aliyevitayarisha jioni, na huku alidhani anatenda ukarimu.

La pili ni kudumu. Kiumbe aliye huru hujitafutia. Kijito kikikauka huhama, kivuli kikiondoka hufuata kivuli. Kiumbe aliyefungiwa amenyang'anywa miguu yake, na aliyemnyang'anya ndiye aliyekuwa miguu hiyo. Mtungi ukiwekwa dirishani Januari kwa shangwe ya darasa zima, kila mtu ni baba yake. Shule ikifungwa Aprili, baba hawaonekani. Mlango wa maabara hufungwa, pazia hushushwa, na magugu hukosa mwanga kwa majuma matatu. Watoto wakirudi hukuta maji meusi yenye harufu, nao husema jaribio limeshindwa. Jaribio halikushindwa. Jaribio lilionyesha sawasawa jambo lililokuwamo: kwamba walikuwapo watazamaji arobaini na mlinzi hakuwapo hata mmoja. Kwa hiyo kabla ya kutia konokono wa kwanza, darasa na liulize: siku za likizo nani atakayebaki na mtungi huu? Kama hapana jibu, mtungi na ubaki mtupu.

Lakini kudumu kuna fumbo lake, na fumbo hili ni gumu kuliko yote katika kazi ya mtazamaji. Siku ya tatu au ya nne maji ya mtungi mpya aghalabu huwa na ukungu. Mtoto mwenye huruma hutaka kuyamwaga na kutia mengine. Akifanya hivyo, kesho kutwa ukungu hurudi, naye humwaga tena, na ulimwengu wake mdogo haupati kutulia kamwe. Ukungu ule ni bakteria wakizidi kabla ya mizani kupatikana. Wakiachwa, mara nyingi maji hujisafisha yenyewe. Hapa wema ni kukaa na mikono mifukoni. Lakini konokono wote wakipanda mpaka usoni pa maji na kukaa hapo, na maji yakitoa harufu ya kuoza, huenda oksijeni imekwisha; na hapo wema ni kufungua kifuniko bila kungoja. Subira na uzembe hufanana sura: wote wawili hukaa kimya mbele ya mtungi. Tofauti yao ni kwamba subira inatazama na uzembe umefumba macho. Mtu atajuaje amwache lini kiumbe ajisaidie, na amsaidie lini? Hapana sheria iwezayo kumwambia. Atajua kwa kutazama kila siku, mpaka aifahamu hali ya kawaida kiasi cha kuitambua isiyo ya kawaida. Wazazi, walimu na watawala wote wana fumbo hili hili, na wengi wao wangelitenda vizuri zaidi kama wangalianza na konokono.

La tatu ni kusema kweli. Kando ya mtungi huwekwa daftari, na katika daftari huandikwa siku, saa, hali ya mwanga, rangi ya maji, idadi ya viumbe na yale waliyoonekana wakifanya. Jambo hili laonekana kuwa la ukarani tu, na kumbe ni la maadili. Mwanafunzi anajua mwalimu anangojea kuona kwamba konokono wameongezeka. Naye amehesabu akapata wamepungua. Mkono humwelekea kwenye jibu linalongojewa. Akiandika uongo, hakuna atakayemkamata, kwa maana shahidi wake hana ulimi. Hasa kwa sababu hiyo uongo huo ni mbaya. Kiumbe ameondolewa kijitoni kwake ili aeleze jambo moja la kweli. Ameeleza kwa uhai wake au kwa kifo chake. Kisha aliyemwondoa akaandika jambo lingine. Kiumbe huyo amefungiwa bure. Daftari lisemalo "leo mmoja amekufa, sijui sababu" lina heshima kuliko daftari lenye tarakimu nzuri zisizokuwapo. Anayezoea kumsemea kweli asiyeweza kumsuta, siku moja atakapokuwa karani wa kupima majani ya chai ya wakulima, au daktari, au hakimu, hatakuwa na kazi mpya ya kujifunza.

La nne ni kurudisha. Jaribio lina mwisho wake, na mwisho hauhesabiwi kuwa mwema kwa sababu tu kengele imelia. Viumbe walio wazima hurudishwa kwenye maji yaleyale walikotoka, wala si kwenye maji mengine yoyote yaliyo karibu. Mtu aweza kudhani huku ni kuzidisha mambo. Na atazame Ziwa Viktoria, ambako Sondu na Mara humwaga maji yake. Gugu maji, mmea wa Amerika ya Kusini wenye maua ya zambarau uliopendwa duniani kama pambo la mabwawa, lilionekana ziwani humo karibu na mwaka 1990, likaenea mpaka likaziba ghuba na kuzuia mitumbwi. Kabla yake, katika miaka ya 1950, aliingizwa sangara, ambaye upande wa Kenya huitwa mbuta. Alileta biashara kubwa, lakini aina nyingi za samaki wadogo wa ziwa zilitoweka au zikawa haba. Mkono uliomwaga kitu kigeni majini haukuwa lazima mkono wa adui. Ulitosha kuwa mkono usiouliza. Mdharau mwiba guu huota tende.

Hayo ndiyo mambo manne. Lakini mtungi una hatari moja ambayo lazima niitaje kabla sijamaliza. Anayekaa muda mrefu nje ya kioo akiwatazama waliomo ndani, akiwaongeza na kuwapunguza, akiwahamisha huku na huku, anaweza kuondoka na fikira kwamba ulimwengu wote umegawanyika vivyo hivyo: kuna wanaotazama na wanaotazamwa, wenye kifuniko na waliofunikwa. Fikira hii imepita katika nchi ya chai. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Walaibon wa ukoo wa Talai kutoka Kericho. Familia zao zikapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, nchi ya joto, mbung'o na malaria, mbali na baridi na umande waliozaliwa nao. Waliotunga sheria hiyo waliwatazama watu kama mtu atazamavyo konokono, na wala hawakuwapa hata ulinzi ambao konokono wa darasani anadai. Kwa hiyo na ijulikane wazi: wajibu tuliousema kwa viumbe wa mtungini ni kiasi cha chini kabisa. Mtu anadai huo na zaidi yake, kwa maana mtu anayo haki ya kuulizwa, na hapana aliye na haki ya kushika kifuniko chake.

Tena, tukitafakari vizuri, hapana aliye nje. Kuanzia Septemba 1991 hadi Septemba 1993, watu wanane walijifungia ndani ya jumba kubwa la kioo huko Arizona, Marekani, lililoitwa Biosphere 2, pamoja na msitu mdogo, mashamba, mifugo na bahari ndogo. Walikuwa na wataalamu na fedha nyingi. Hata hivyo oksijeni ilipungua kutoka karibu asilimia 21 hadi karibu asilimia 14, kwa sababu bakteria wa udongo wenye rutuba nyingi waliivuta kuliko mimea ilivyoweza kuirudisha. Na Januari 1993 ilibidi oksijeni ya nje iingizwe. Wao walikuwa na nje. Mtungi wa darasa una nje yake, na mkono wa mtoto wa kufungua kifuniko. Lakini sisi sote, pamoja na michai na mito na msitu wa Mau ulio juu yake, tumo ndani ya mtungi ambao nje yake hapana mkono wa mtu.

Mau ni kwa Kericho na Bomet kama magugu yale yalivyo kwa konokono. Msitu huo hushika maji ya mvua na kuyaachia polepole, ukaipa mito uhai hata siku za kiangazi, na kuutunza ubaridi na unyevu ambao mchai huupenda. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa kupanda ukanda wa chai kandokando ya misitu ili mtu asiingie kulima ndani. Lakini mwaka 2001 makumi ya elfu ya hekta za Mau ziliondolewa katika hifadhi kwa kalamu. Anayejua mtungi hahitaji kuelezwa sana maana yake. Magugu yakipunguzwa, konokono hawafi siku ileile. Mchana wote huonekana wazima, wakitembea juu ya kioo kama kawaida. Hesabu hutolewa usiku.

Basi, ewe kijana usomaye, ukipewa nafasi ya kutenga mtungi darasani, tenga bila kuogopa, maana kutojua si wema. Lakini kabla ya kufunga kifuniko, hesabu viumbe wako, hesabu siku zako za likizo, chonga kalamu yako, na ukumbuke kijito ulikowatoa. Haki ya kutazama haipewi mtu kwa sababu ana macho, wala kwa sababu ana nguvu ya kufunga. Hupewa kwa kadiri awezavyo kujibu kwa ajili ya anayemtazama. Mwenye kulijua hilo amepata elimu ambayo konokono wawili wadogo hawakujua kwamba wanaifundisha, nayo itamfaa mahali popote atakapopewa kitu chenye uhai mkononi mwake.